Nilinyamaza Sumaku Ilipopita Juu ya Jicho la Baba

Nina miaka thelathini na sita. Sijaolewa, sina mtoto, na kwa sasa naishi nyumbani kwetu Bukene, katika chumba kilekile nilicholala nikiwa msichana wa shule. Wasomaji wenzangu, ninayoyaandika hapa sikupanga kuyasema kwa mtu yeyote. Lakini siri hii imenila vya kutosha, na bora niitoe kabla haijanimaliza.

Jina langu ni Nyamizi. Baba yangu, Mzee Mihayo, ni mhunzi. Baba yake alikuwa mhunzi, na babu yake pia, wale waliokuwa wakifua majembe yaliyobebwa begani na wapagazi katika njia ya misafara hadi pwani. Kwetu hatukurithi mashamba makubwa wala ng'ombe wengi. Tulirithi fuawe moja, nyundo nne, na ukali wa macho ya kuutambua moto.

Ndiyo, macho! Mhunzi anafanya kazi kwa macho kuliko kwa mikono. Baba alinifundisha nikiwa darasa la tatu kwamba chuma chekundu kama damu bado hakijaiva, kikiwa rangi ya chungwa kinakubali nyundo, na kikielekea weupe ukichelewa kukitoa umekipoteza. Mama alikufa nikiwa mdogo, kwa hiyo nilikua kwenye karakana, nikivuta viriba vya kupulizia moto pamoja na mdogo wangu Shija. Nadhani Baba aliona mapema kwamba nilikuwa na kichwa. Alinisomesha kwa majembe, mashoka na plau alizotengeneza, mpaka nikafika chuo kikuu, na kutoka hapo nikapata ufadhili wa kwenda ng'ambo kusomea uhandisi wa metali.

Huko ndiko kiburi changu kilikozaliwa.

Utafiti wangu ulihusu aloi za aina mpya. Nitaeleza kwa lugha rahisi, msiogope. Chuma cha kawaida kina mwenye nyumba mmoja na wageni wachache: metali moja ndiyo nyingi, nyingine huongezwa kidogo tu. Sisi tulichukua metali tano zisizoogopa moto, niobi, tantali, molibdeni, tungsteni na vanadi, tukazichanganya kwa sehemu sawa. Wote wenye nyumba! Kinachotoka hapo kinabaki imara kwenye joto ambalo chuma cha kawaida huwa kimeshalegea kama ugali. Watu wanakitaka kwa injini za ndege na mitambo mingine inayochemka.

Nilikuwa nikiyeyusha vipande vidogo, navikata, navisugua mpaka ving'ae kama kioo, kisha naviweka chini ya hadubini. Ndani ya metali kuna punje, zimepangana kama mahindi kwenye gunzi, na kati ya punje na punje kuna mpaka. Nguvu ya metali yote hukaa humo. Mipaka ikiwa mizuri, metali huvumilia. Mipaka ikiwa mibovu… hata iwe ngumu namna gani, siku moja itapasuka.

Mipaka yangu ilikuwa mibovu.

Hewa kidogo ilikuwa imepenya wakati wa kuyeyusha, ikaenda kujibanza kwenye mipaka ya punje. Niliona nyufa kwa macho yangu, nyembamba kuliko unywele. Mashine ya kukandamiza ilipoviminya vile vipande, vingi vilistahimili vizuri sana, na hayo ndiyo niliyoyaandika. Viwili vilipasuka vikawa vumbi. Nikaandika kwamba vile viwili vilikatwa vibaya. Picha za nyufa nikazitia kwenye faili moja la kompyuta nililolipa jina lisilo na maana. Kupiga kwa nyundo au kuvuta hatukujaribu kabisa, maana kwa kazi yangu haikuhitajika.

Nani angejua? Nilijiambia hivyo kila siku.

Kabla ya kwenda kuitetea tasnifu yangu nilipewa wiki mbili za kwenda nyumbani. Siku ya mwisho maabara nilifanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya maishani. Nilichukua kipande kimoja, ukubwa wa andazi dogo, nikakiviringisha ndani ya soksi na kukitia begini. Kilikuwa na namba yake kwenye daftari la maabara. Sikuomba ruhusa. Nilitaka Baba akishike, basi! Nilitaka mtu aliyenisomesha kwa majembe aone kwamba na mimi ni mhunzi.

Karakana ilijaa watu asubuhi ile. Shija alikuwepo na mkewe, majirani, wazee wawili wa kanisa letu la Moravian, na wateja waliokuja na plau zao. Nilikitoa kipande changu nikaanza kutamba. Nikawaambia chuma hiki hakiyeyuki kwenye tanuru lolote la Tabora yote. Nikawaambia msumeno unateleza juu yake. Baba akakigeuzageuza mkononi, akashangaa uzito wake, akacheka kwa furaha ambayo sijapata kuiona tena.

Sasa, karakanani kwetu kuna desturi. Chuma chochote kigeni kinachoingia, mkubwa wa karakana lazima akihoji kabla hakijafanyiwa kazi. Anakiweka juu ya fuawe na kukigonga mara tatu akisikiliza mlio. Kabla ya kugonga anamuuliza aliyekileta, mbele ya watu: "Kina ila?" Na yule lazima aseme kweli, kama kimewahi kuungua, au kuungwa, au kina ufa. Mhunzi anainamisha uso wake juu ya fuawe kwa kuliamini neno lako. Hata mlevi wa mwisho pale Bukene haongopi kwenye swali hilo.

Baba akakiweka kipande. Akanitazama, akitabasamu.

"Haya, mama. Kina ila?"

Watu wote walikuwa wananiangalia. Kule maabara hakuna mtu anayeisogelea mashine bila miwani ya kukinga na kioo kizito mbele yake. Baba alikuwa na shati lililofunguka vifungo na macho matupu. Nilijua! Jamani, nilijua kila kitu! Ningesema tu, "Baba, hiki si cha kugongwa," ningeaibika kidogo, watu wangecheka, tungekula wali na kuku na siku ingeisha.

"Hakina ila," nikasema.

Pigo la kwanza likalia vizuri. La pili likalia, Baba akainama zaidi kusikiliza, kama alivyozoea. La tatu… sikusikia mlio. Nilisikia kitu kama kikombe cha udongo kinachovunjika, na Baba akawa ameshika jicho la kulia kwa viganja vyote viwili.

Na mimi, mnajua nilisema nini? Kabla hata ya kumshika baba yangu nilisema kwa sauti, "Baba, umepiga pembeni!"

Damu haikuwa nyingi. Hilo ndilo lililotudanganya wote. Shija akatafuta gari, tukampeleka kwenye kituo kimoja cha macho, mbali kidogo na kwetu. Kabla ya kuondoka nilivikusanya vipande vyote vya ile aloi pale chini, nikavitupa chooni. Nilimwambia mke wa Shija kwamba visije vikamkata mtu miguu.

Pale kituoni alikuwepo tabibu mmoja mama, mtu mzima, mpole, mwenye uzoefu wa siku nyingi. Wachomeleaji na wachimbaji wadogo huletwa kwake kila wiki wakiwa na vipande vya chuma machoni. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku ameshaanza kulichunguza jicho. Akasema anaona tundu dogo sana limeshajifunga. Akatoa sumaku yake nene yenye kishikio. Mashine ya picha hakuwa nayo.

Akauliza kilichoruka ni chuma gani. Shija akasema ni chuma cha dada, kisha akanigeukia mimi, mtaalamu.

"Ni chuma cha kawaida?" yule mama akaniuliza. "Maana kama si cha kawaida niambie, mwanangu, nimwandikie rufaa leo hii akapigwe picha. Sumaku haivuti kila kitu."

Wasomaji, metali zile tano hakuna hata moja inayovutwa na sumaku. Hata moja! Hilo ni jambo la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Nililijua kama ninavyolijua jina langu.

Lakini mbele ya macho yangu niliona ile karatasi ya rufaa. Niliona hospitali kubwa wakiuliza metali gani, imetoka wapi, nani aliitoa maabara. Niliona tiketi yangu ya ndege ya siku nne zijazo. Niliwaona maprofesa waliokuwa wakinisubiri kwenye utetezi wakisoma kwamba aloi yangu ilivunjika kwa nyundo ya mzee wa Bukene.

"Cha kawaida," nikasema.

Akaipitisha sumaku juu ya jicho la Baba. Polepole, kulia, kushoto, akaizungusha. Baba alikuwa ametulia kama mtoto anayenyolewa, kanishika mkono. Mimi nilisimama pale nikaitazama ile sumaku ikitafuta kitu ambacho isingeweza kukipata hata kwa mwaka mzima, na sikufungua mdomo.

"Ingekuwa kimo ndani kingeitika," yule mama akasema. "Mshukuru Mungu, kiliparuza kikaenda zake." Akatupa dawa ya matone na bandeji, akatuambia turudi likiuma.

Siku ya nne nikapanda basi pale Nzega, kisha ndege. Nilitetea tasnifu yangu nikiwa na suti mpya ya bluu. Nilijibu maswali yote. Walinipigia makofi, wasomaji… makofi! Nikapiga simu nyumbani, Baba akalia kwa furaha. Nikamuuliza jicho, akasema linauma kidogo tu na ukungu upo, nisijali.

Wiki zilizofuata Shija alikuwa akinipigia. Jicho limevimba. Jicho linatoa usaha. Wameweka dawa ya kienyeji, wamerudi kwa yule mama, hakuwepo, yuko likizo. Nilimwambia ampeleke hospitali kubwa, naye akaniambia msimu wa kulima umeanza, watu wote wanataka majembe, na Baba mwenyewe amekataa kwa sababu aliambiwa hamna kitu ndani. Bado nilikuwa na nafasi! Sentensi moja tu kwenye simu: "Shija, kile chuma hakivutwi na sumaku, kimo ndani." Kila mara nilisema moyoni kwamba kesho nitasema. Mara mbili nilifika mpaka kwenye neno "Shija, kile chuma…" nikageuza mazungumzo, nikauliza habari za mvua.

Walipompeleka mwishowe, Baba alikuwa hawezi kusimama kwa maumivu. Kwenye picha kile kipande kilionekana cheupe kabisa, hakikuhitaji kutafutwa. Jicho lilikuwa limeoza. Wakalitoa.

Mnadhani yaliishia hapo? Daktari alimweleza Shija jambo ambalo mimi sikulijua, maana nilisomea metali, sikusomea watu. Jicho lililojeruhiwa likikaa muda mrefu bila kutibiwa, wakati mwingine mwili huanza kulishambulia na lile zima. Baba alianza kuona moshi kwa jicho la kushoto. Walimpa dawa kali, akavimba uso, ukungu ukaongezeka. Siku moja alitoa chuma motoni akamuuliza Shija kina rangi gani. Shija akadhani ni utani.

Kilikuwa cheupe, kimeshaharibika.

Niliporudi likizo mwaka uliofuata nilimkuta Baba amekaa kwenye kigoda nje ya karakana, uso ameuelekeza kwenye mlio wa nyundo za Shija. Alinitambua kwa hatua zangu. "Mwangaluka, mama," akanisalimia kwa lugha yetu, akanyoosha mkono akipapasa hewa. Nikaushika. Halafu akasema maneno yaliyoniua:

"Mwanangu, nisamehe. Mkono wangu umezeeka. Nilikuharibia chuma chako."

Aliniomba msamaha! Mimi! Na hakuishia kuniambia peke yangu. Shija aliniambia Baba anawasimulia wageni wote, na kule kanisani, kwamba binti yake alileta chuma cha ajabu, kizima kabisa, na yeye kwa ujinga wake akapiga pembeni. Watu walimwonea huruma, wengine wakamcheka kichinichini, kwamba mhunzi mzima hajui kugonga. Miaka zaidi ya hamsini ya kazi safi, na jina lake likaishia kwenye pigo ambalo halikuwa baya. Nami nikamjibu nini? Nilimwambia, "Nimeshasamehe, Baba."

Majuto ni mjukuu, wanasema. Wa kwangu alikuwa ameshazaliwa na anatembea, na bado nilikataa kumtazama.

Miaka miwili ilipita hivyo. Nilipata kazi ya kufundisha chuo kimoja hukuhuku nchini. Nilikuwa nasimama mbele ya vijana nikichora punje na mipaka yake ubaoni, na kila nilipofika kwenye nyufa mkono ulikuwa mzito. Nilianza kukosa usingizi, nikakonda. Mchumba niliyekuwa naye alichoka na ukimya wangu akaenda zake, na simlaumu.

Aliyenikamata ni Shija. Nilikuja kwa ajili ya ubatizo wa mwanawe. Tulikuwa tumekaa uani mchana, Baba, Shija na mimi, tunakula viazi vitamu. Shija akaingia ndani akatoka na kichupa kidogo cha plastiki. Kumbe daktari alimpa kile kipande baada ya upasuaji, naye akakihifadhi. Alikuwa pia na sumaku ya spika ya redio mbovu.

Akakimimina kile kipande kiganjani, akakisogezea sumaku. Hakikutikisika. Akaigeuza upande wa pili. Hakikutikisika.

"Dada," akasema, na sauti yake haikuwa na ugomvi wowote, "mimi ni mhunzi wa kijijini tu. Nieleze. Chuma cha kawaida gani hiki kisichoshikwa na sumaku?"

Baba aliacha kutafuna.

Ningeweza kudanganya tena. Nina digrii tatu, maneno ningeyapata. Lakini nilimtazama Shija akiwa ameshika ile sumaku, nikajua kwamba yeye alikuwa na jibu tayari, na kwamba alikuwa akinipa heshima ya kulisema mwenyewe. Nikasema yote. Nyufa, wizi wa kipande, neno langu mbele ya fuawe, choo, na yule mama wa macho na swali lake. Nilisema nikiwa nimepiga magoti kwenye vumbi huku nalia kama mwendawazimu.

Baba alikirudisha kiazi chake sahanini. Kisha akauliza swali moja tu.

"Wakati yule mama anaipitisha ile sumaku, nilikuwa nimeshika mkono wa nani?"

"Wangu, Baba."

Akatikisa kichwa. Hakunifokea. Afadhali angenifokea, angenipiga hata kwa bakora! Aliinuka, akapapasa ukuta mpaka mlangoni, akaingia ndani. Shija alipotaka kumfuata, akamwambia amwache.

Siku tatu baadaye alitoa uamuzi wake kupitia kwa Shija. Nisifukuzwe, hapa ni kwetu. Chakula nile. Shikamoo yangu ataitikia. La pigo la nyundo amenisamehe, kwa sababu kiburi kila mtu anacho na yeye pia alikuwa nacho siku ile. Lakini nisimshike mkono. Kokote anakokwenda, atashikwa na mtu mwingine.

Niliacha kazi nikarudi nyumbani kwa sababu sikuona kwingine kwa kwenda. Nilimwandikia profesa wangu, nikamtumia zile picha na kumweleza juu ya kipande nilichoiba. Shahada yangu inachunguzwa, na nadhani wataifuta. Jumapili moja niliomba nafasi kanisani, nikasimama nikawaambia watu kwamba Mzee Mihayo hakupiga pembeni. Hilo angalau nimemrudishia, jina lake. Wazee wawili waliokuwepo siku ile walikwenda kumwomba radhi. Mimi waliniangalia tu.

Ndugu zangu wasomaji, sikuandika haya mnionee huruma. Sistahili. Nimeandika kwa sababu najua kati yenu yupo ambaye sasa hivi ameficha jambo, na mtu anayempenda anazidi kuumia kwa sababu ya jambo hilo. Labda ni dawa uliyompa mgonjwa ukakosea. Labda ni ufa katika nyumba uliyomjengea mtu. Unajiambia kesho utasema. Kosa la kwanza huenda ni bahati mbaya au ni majivuno tu, na watu wanasamehe, nawaapia, wanasamehe. Kinachochukua jicho la pili ni ukimya unaofuata. Sema leo, hata kama utafukuzwa kazi, hata kama utachekwa na kijiji kizima. Mficha uchi hazai, na mimi nimeficha mpaka nikampofusha aliyenizaa.

Kila Jumapili mke wa Shija humshika Baba mkono kwenda kanisani. Mimi hutembea nyuma yao, hatua kumi hivi. Kuna mahali reli inakatiza njia, mawe yamejitokeza, na Baba hujikwaa hapohapo karibu kila wiki. Kila mara mkono wangu unanyooka wenyewe… kisha naurudisha.